Bei Tuliyomshusha Nahodha Imelipwa na Matumbawe

Sauti ile bado ninayo masikioni. Nanga ilipotupwa niliisikia ikigonga kitu kigumu, ikakwaruza, ikakwama, boti ikatulia. Wenzangu wakashangilia: tumefika Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani! Nilivaa miwani nikajitosa upande uleule, na sikuhitaji hata kuogelea mbali. Nanga yenyewe ya nondo, meno manne yaliyopindwa kwa nyundo, ilikuwa imekaa katikati ya tumbawe la matawi. Matawi yaliyokatika yalikuwa yamelala chini, na pale yalipokatikia palikuwa peupe kama jino. Kila wimbi lilipoinua boti, kamba ilivutika, nanga ikasogea kidogo, tawi jingine likaenda.

Nikapanda nikamwambia nahodha, "Kaka, nanga imekaa juu ya matumbawe. Hatuwezi kwenda upande wa mchanga?"

Akanijibu kwa upole kabisa. "Dada, mchanga uko kule nyuma, mpaka tulizunguke fungu. Mafuta niliyoweka ni ya hela mliyonipa. Nikizunguka, kurudi tutapiga kasia."

Nilikosa la kusema, maana asubuhi ufukweni nilikuwepo. Alitaja laki mbili na nusu. Tukamvuta, tukamvuta, mpaka akakubali laki moja na nusu, halafu tukaongeza watu watatu ambao hawakuwemo kwenye mapatano. Na safari yenyewe tuliiita ya kutunza mazingira. Kila mtu alikuja na chupa yake ya chuma, chakula kwenye hotpoti, hakuna mfuko wa plastiki hata mmoja. Mifuko yenyewe imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo hapo hatukuwa na la kujisifia.

Ninachotaka kusema ni hiki, na nakisema kwa uchungu: safari ya kwenda kisiwa cha hifadhi huharibikia ufukweni, wakati wa kupatana bei. Nahodha uliyemkamua atapunguza mafuta, atajaza watu, atakimbiza ili awahi abiria wengine, na atatupa nanga pale ilipo karibu. Nahodha huyo anajua fungu lile kuliko mimi ninavyojua sebule yangu, anajua mwamba uko wapi na mchanga uko wapi. Ujuzi huo ndio tuliokataa kuulipia. Laki moja tuliyookoa, tukiigawa kwa watu kumi na mmoja, haifiki hata elfu kumi kwa kichwa. Kwa pesa hiyo tumevunja kitu ambacho hakuna fundi wa kukiunga. Matumbawe ya matawi angalau hukua haraka kidogo, lakini yale makubwa ya mviringo huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka. Jiwe unalolikuta na kimo cha mtu lilianza kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Na haya yaliyobaki ni manusura. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi mno katika Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo.

Halafu Maziwe si mahali pa kujaribia. Ni eneo tengefu, yaani sehemu ya bahari inayolindwa kisheria, tangu 1975, sawa na Mbudya na Bongoyo kule Dar. Wazee wa Pangani wanakikumbuka kikiwa kisiwa hasa, kina mivinje, kina kivuli, kasa wanapanda kutaga. Leo hakuna mti. Limebaki fungu la mchanga, na wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, yakijaa linazama lote. Kasa hawajui kwamba kisiwa kimekufa, bado wanakuja. Kwa sababu hiyo mayai yao hufukuliwa na kupelekwa ng'ambo, ufukweni Ushongo, yakafukiwa tena kwenye mchanga ambao maji hayaufikii, na baada ya miezi miwili hivi vitoto vinatoka. Nimewahi kusimama pale jioni moja nikaangalia kitoto cha kasa, mdogo kuliko kiganja changu, kinajikokota kuelekea majini, kinapinduka kwenye shimo la unyayo wa mtu, kinajigeuza, kinaendelea. Watu wanabeba mayai kwa mikono ili hiki kipate nafasi, na sisi tunakuja na nondo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kosa la abiria peke yao. Hela ni ngumu, na pale ambapo boya la kufungia boti halipo, hata nahodha mwema analazimika kutafuta pa kushika. Palipo na boya, mwambie afunge kwenye boya, basi.

Kuhusu siku ya kwenda, muulize mvuvi kabla hujamuuliza bosi wako likizo. Wengi hukimbilia bamvua kwa kuwa maji yakipwa fungu linakuwa kubwa na picha zinapendeza. Lakini maji yakipwa hivyo mwamba unabaki na maji ya magoti, na mtu asiyejua kuogelea akichoka anasimama. Anasimama juu ya nini? Mimi sasa nachagua maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana. Ondokeni alfajiri kabla upepo haujaamka, na kama hamna haraka chukueni chombo cha tanga. Mafuta ya kujipaka ya kukinga jua yaacheni nyumbani yasiingie majini, vaeni shati la mikono mirefu. Ada ya kuingia mlipe na mdai risiti.

Juzi nimempigia nahodha yuleyule. Nilimsalimia, nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza: bei yako ya watu sita, ya kutia nanga mchangani na kungoja mpaka tushibe, ni shilingi ngapi? Akanyamaza kidogo, kama anayesubiri nianze kumvuta. Akataja laki tatu. Nikamwambia sawa, na nikatuma nusu siku ileile. Kwenye kundi letu la WhatsApp nimeandika watu sita, elfu hamsini kila mmoja, hakuna kupatana. Mpaka sasa wamejibu wanne.