Kesi ya Mbu wa Upanga

Mtu aliyeacha Usabato hasumbuliwi na Jumapili. Kinachomsumbua ni Jumamosi. Wenzako wako saluni, wako sokoni, wanafua, wanabishana mpira. Wewe umekaa ukingoni mwa kitanda na shati jeupe la kanisani, hujui mikono uiweke wapi, maana tangu uzaliwe siku hiyo hujawahi kushika hata ufagio.

Kwetu ni Same, kule milimani, Upare wa Kusini. Usabato ulifika mwaka 1903 na wamisionari wa Kijerumani waliopiga kambi Giti, na ukitutembelea nyumbani utadhani walifika juzi na bado wanapita kutukagua. Ijumaa ilikuwa siku ya Maandalio: makande yanachemka tangu asubuhi, viatu vinapigwa rangi, kuni zinapangwa, na jua likizama kila kitu kinazimwa, redio ikiwa ya kwanza. Kambale hatukumla kwa kuwa hana magamba. Chai ya majani tuliisikia kwa majirani. Sisi tulikunywa mchaichai. Mama aliweza kukutajia fungu la Biblia la kukariri la robo mwaka iliyopita, na akakutajia pia nani alikwama katikati.

Niliondoka polepole, bila ugomvi na mtu. Kwanza niliacha Lesoni, lile somo la Biblia la kila wiki, halafu ibada, halafu nikawa mtu wa "wiki hii nilisafiri". Baraza la kanisa halikunifuta ushirika, labda kwa kuwa kila nilipokutana na wazee wa kanisa nilikuwa na begi mgongoni. Mama naye hakuuliza. Mama asipouliza, jua yuko kwenye maombi ya kufunga.

Ndipo jamaa mmoja kazini akaniambia kuna darasa la kutafakari kwenye hekalu la Wabuddha, Upanga, Jumamosi jioni. Nikauliza bei. Akasema bure. Mpare ukimwambia bure umeshamwita kwa jina.

Wabuddha wako Dar zamani kuliko wengi wetu. Wasri Lanka waliokuwa hapa enzi za Mwingereza, nchi yao ikiitwa Ceylon, ndio walioanzisha hekalu lile katika miaka ya 1920, wakapanda na mti wao wa bodhi. Ni mti wa jamii ya mkuyu, majani yake yana umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia wa panya. Chini ya mti wa aina hiyo, kule Bodh Gaya nchini India, ndipo Buddha alipokaa hadi akaelewa mambo. Mimi nilisimama chini ya huu wa Upanga nikaelewa jambo moja tu, kwamba eneo lile lina mbu.

Mlangoni alikuwepo mzee mmoja wa Kisri Lanka, mzaliwa wa Dar, muuza spea za magari, kavaa nyeupe tupu, kichwa kipara kinachong'aa hadi unaiona taa humo. Nikavua viatu, nikainama kwa heshima, na kabla sijafikiri mdomo ukanitoka: "Sabato njema, mzee."

"Na kwako pia, kijana," akajibu, bila hata kupepesa. Mtu wa mjini huyo.

Mwalimu siku hiyo alikuwa mtawa mgeni aliyetoka Sri Lanka, anafundisha kwa Kiingereza, na mzee ndiye mkalimani. Kiingereza nakisikia vizuri tu, lakini mzee alikuwa mkalimani rasmi na hakuruhusu neno lipite bila kulitoza ushuru. Mtawa akisema sentensi moja, mzee anatoa tatu, moja wapo kuhusu foleni ya Kariakoo.

Kabla ya kuanza tukaletewa chai. Sri Lanka hawana mchezo na chai: nzito, maziwa ya unga yamekorogwa humo, sukari ya kutosha kumlaza mtu hospitali. Nikaitazama. Miaka yote ile sijawahi. Nikajiambia, nimeshavuka mto, viatu vilowe tu. Nikanywa kikombe. Nikaongezewa, nikanywa na cha pili. Wanaokunywa chai tangu utotoni hawajui inafanya nini kwenye mwili mgeni. Baada ya muda mfupi nilikuwa nasikia nywele zangu zikiota. Vidole vilikuwa vinatekenya vyenyewe. Katika hali hiyo nikaambiwa niketi nitulie.

Tukaanza na ahadi tano, kwa Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, mtawa anatangulia nasi tunafuatisha. Ya kwanza: *Panatipata veramani sikkhapadam samadiyami*. Mzee akatafsiri: najifunza kujizuia kuua kiumbe chochote chenye uhai. Nyingine ni kutochukua usichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vilevi. Nikahesabu mara mbili. Tano tu! Kwetu ni kumi, na ile ya nne peke yake imenila utoto mzima. Nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, maana kukariri ndicho kipaji nilichotoka nacho kanisani.

Kisha ukimya. Fumba macho, fuatilia pumzi puani. Mzee akageukia sanamu ya Buddha, akawa amenipa mgongo, umbali wa mkono mmoja. Mimi pumzi niliifuatilia vizuri hadi mguu wa kushoto ulipokufa ganzi, nikafumbua jicho moja kuangalia kama bado upo.

Hapo ndipo nikamwona.

Alitua juu ya kipara taratibu, kama mpimaji ardhi. Mweusi, miguu ina pingili nyeupe. Nyinyi mnaweza kusema mbu ni mbu, lakini mwaka 2019 dengue ilipoikumba Dar mimi nilikuwa miongoni mwa waliolala chali wakiomba mifupa yao itolewe iwekwe kando, na tangu hapo mbu mwenye pingili nyeupe namjua kuliko ndugu zangu wa upande wa baba. Huyu anauma mchana na jioni. Akatembea hatua mbili kuelekea utosini, akasimama, akanusa, akarudi hatua moja, akainua miguu ya nyuma, akaanza kushusha mrija.

Akili ilikuwa bado inatafuta Kipali chake. Mkono ulikuwa na vikombe viwili vya chai.

*Paaa!*

Ukumbi mtupu, sakafu ya vigae. Kofi likaenda ukutani, likarudi, likaenda tena. Mama mmoja wa Kihindi akasema "Hai Ram!" Kijana wa chuo akafumbua macho akidhani darasa limeisha, akaanza kukunja mkeka. Mzee hakugeuka mara moja. Alipandisha mkono utosini polepole, akapapasa, akauacha hapohapo.

Mtawa akafumbua macho, akauliza kwa Kiingereza kumetokea nini. Mzee akanigeukia, mkono ukiwa bado juu ya kichwa.

"Anauliza kumetokea nini."

"Mwambie kulikuwa na mbu."

Akamwambia. Mtawa akasema neno.

"Anauliza yuko wapi."

"Nani?"

"Mbu."

Jamani, nimelelewa kwenye dini ambayo ukicheka wakati wa sala shemasi anakuja hadi kwenye benchi lako. Nimpige mzee kofi la kichwa mbele ya sanamu, halafu aulizwe mbu! Nikasubiri kutolewa nje. Badala yake mtawa akajisogeza, akakunja miguu vizuri, uso umechangamka. Nikaona huyu bwana amepata somo lake la siku. Akanyanyua vidole vitano.

Ili ihesabike kwamba mtu ameua, mzee akatafsiri, lazima mambo matano yatimie. Kiumbe awe hai. Mtu ajue kwamba yuko hai. Akusudie kumuua. Afanye tendo. Na kiumbe afe. Likikosekana moja, ahadi haijavunjika.

Watani zetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Sitabisha. Niliposikia vifungu vitano, ganzi ikaisha mguuni, nikakaa sawasawa.

Cha kwanza na cha pili nikakubali; sina sababu ya kuipotezea mahakama muda. Cha nne palikuwa na mashahidi. Nikasimama kwenye cha tatu: "Mwambie sikukusudia kuua. Nilikusudia kukuokoa wewe na dengue."

Mzee akatafsiri. Mtawa akatikisa kichwa kwa huruma, akajibu kwa kirefu.

"Anasema nia ya huruma ni njema, lakini uangalie kama ndani yake hapakuwa na hasira." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Mimi niliyepokea nasema ilikuwapo."

"Mzee, wewe ni mkalimani."

"Mimi ni mkalimani na ni kichwa."

Kikabaki cha tano: maiti. Kipara kikakaguliwa kwa tochi za simu. Alama ya kiganja ipo, vidole vyote vinasomeka, damu hakuna. Wakatafuta kwenye vigae, hakuna. Ndipo nikafungua kiganja changu. Katikati palikuwa na mguu mmoja wa mbu, pingili nyeupe zote ziko kamili. Mguu tu.

Darasa likagawanyika. Dada mmoja muuguzi alisema mbu aliyepoteza mguu anaishi bila wasiwasi. Kijana wa chuo akasema labda ameenda kufia mbele. Mtawa hakusema kitu. Alikuwa anatazama mkono wake wa kushoto, na sisi tukautazama.

Mbu alikuwa ametua pale, anakunywa. Pingili nyeupe.

Mbu ana miguu sita. Hilo hata mimi nalijua. Kwa hiyo huyu akiwa na mitano, ndiye marehemu, na mimi ni mtu huru. Tukamzunguka mtawa, magoti chini, vichwa vimegusana, tukihesabu miguu. Muuguzi alipata mitano. Kijana akapata sita, akaambiwa ule mmoja ni mrija. Mzee akavaa miwani, akainama hadi pua ikakaribia mkono wa mtawa, na hapo nikakiona kipara chake tena mbele yangu, chekundu, nikaikalia mikono yangu yote miwili.

"Mitano," mzee akatangaza. "Wa nyuma kulia hayupo."

Mtawa alimwacha ashibe. Kisha akampuliza kidogo, naye akaondoka kwa shida, tumbo jekundu, anayumba kama aliyetoka harusini. Kesi ikafungwa. Tukarudi kwenye pumzi, ingawa sidhani kama kuna aliyeipata. Kila baada ya kitambo mabega ya yule dada muuguzi yalikuwa yanatikisika.

Tulipotoka mzee akanisubiri kwenye viatu. Akaniambia lile la mbu limekwisha, lakini kofi la kichwa halikuwamo kwenye vile vifungu vitano, kwa hiyo tutalimaliza kienyeji: nitamnunulia soda. Nikamuuliza kama maji madogo yatafaa.

"Wewe ni kabila gani?"

Nikamwambia. Akacheka hadi akashika tena utosi. Nikanunua soda, baridi, akaiweka kwanza pale kwenye alama.

Giza lilikuwa limeingia na nilikuwa getini nasubiri bodaboda simu ilipoita. Mama. Hupiga hivyohivyo, akishafunga Sabato tu, kabla hajawasha hata redio.

"Hujambo mwanangu. Leo umesali?"

Ahadi ya nne bado ilikuwa ya moto kinywani. "Nilikuwa Upanga, mama."

"Aaa, bwana asifiwe. Kumbe na Upanga wapo. Mlijifunza nini?"

"Kutokuua."

"Amri ya sita hiyo. Jioni nzima amri moja?"

"Tulikuwa na mfano, mama. Wa mbu."

Akakaa kimya kidogo, na nikasikia kijiko kikigonga sufuria. Kisha akaja na sauti ile ya kutoa maagizo ya Ijumaa.

"Mbu? Wewe uliyelazwa na dengue? Sikiliza, wahubiri wa mjini wana mambo yao. Ukimwona mbu usimsubirie mahubiri. Mpige. Hata akiwa amemkalia mchungaji, mpige."

"Sawa, mama," nikasema.