Hongdae kwanza, au Providence moja kwa moja?

Kando ya barabara zinazozunguka Chuo Kikuu cha Hongik jijini Seoul, eneo ambalo wenyeji hulifupisha kuwa Hongdae, na huko Gangnam wanakoishi wenye nazo, hagwon za sanaa hutundika mabango ya waliofaulu. Hagwon ni shule binafsi za masomo ya ziada. Kwetu tungesema twisheni, ila hii ni twisheni inayoendelea mpaka saa nne usiku, muda ambao kanuni za jiji zinazilazimu kufunga. Zile zinazoandaa vijana wa kwenda ng'ambo hujivunia majina yale yale ya vyuo vya sanaa vya Marekani: RISD (Rhode Island School of Design) ya Providence, Parsons na Pratt za New York, SAIC ya Chicago, ArtCenter ya Pasadena. Mzazi anayesimama kusoma bango hilo hujiuliza jambo moja tu: mwakani, wangu atakuwamo?

Bango halimuulizi aende lini. Mabishano mengi kuhusu Wakorea na vyuo vya sanaa vya Marekani huishia kwenye kufaa na kutofaa, faida ipo au pesa zimezama. Mimi naona uzito uko kwenye umri. Kijana wa miaka 18 anayetoka hagwon na kupanda ndege, na mtu wa miaka 25 mwenye shahada ya Korea mkononi, wanaomba vyuo vile vile, lakini wanachokwenda kukipata hakifanani.

Tuangalie kwanza kinachodaiwa. RISD hutaka potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi za sanaa za mwombaji, yenye kazi kati ya 12 na 20. Parsons hutaka 8 hadi 12, na juu yake zoezi la kutengeneza kazi mpya inayochipuka kutoka kwenye wazo lililomo ndani ya potifolio, pamoja na maelezo ya maandishi. Kuna insha, matokeo ya sekondari na mtihani wa Kiingereza. Kwa TOEFL ile iliyozoeleka ya alama 120, vyuo vingi vya daraja hili vimekuwa vikitaka kati ya 80 na 100. Kuna pia barua ya benki ya kuonyesha kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo, maana bila hiyo chuo hakitoi fomu inayomwezesha mwanafunzi kuomba visa.

Hayo yote yanaandalika. Kinachosumbua ni kile ambacho kamati za udahili hukirudia kila mwaka: tuonyeshe wewe ni nani. Tunataka kuona unavyofikiri, daftari lako la michoro, majaribio yaliyoharibika. Kwa miaka mingi RISD ilimtaka kila mwombaji achore baiskeli. Kitu kimoja, maelfu ya watu, halafu kamati itazame kila mmoja ameiona vipi. Ukiwa na hagwon yenye walimu waliosoma chuo hicho hicho, si vigumu kukisia baiskeli ngapi zilichorwa Seoul kabla ya ile iliyotumwa. Sharti hilo sasa limeondolewa.

Ndani ya hagwon ya mtindo wa zamani mambo huenda hivi. Sanamu ya plasta ya kichwa cha Agrippa, jemadari wa Kirumi, imewekwa juu ya meza, taa moja ikiipiga ubavuni. Wanafunzi wameizunguka, kila mmoja na stendi yake, penseli zimechongwa kwa kisu mpaka ncha ikawa ndefu kama sindano. Kivuli cha chini ya taya hujengwa kwa mistari, tabaka juu ya tabaka, na shavu hugawanywa katika bapa kana kwamba limekatwa kwa patasi. Mwalimu hupita nyuma, akamwinua mwanafunzi, akakaa kwenye kiti chake na kusahihisha juu ya karatasi ile ile, huku mwenye karatasi amesimama anatazama. Muda ukiisha, kazi zote hupangwa ukutani kuanzia iliyo bora hadi iliyo dhaifu. Hakuna anayefichiwa nafasi yake.

Watu wengi wa Magharibi wakisikia hivyo hukunja uso, na hapo mimi sikubaliani nao kabisa. Mkono uliofundishwa hivyo unajua kazi. Mwanafunzi huyo akifika mwaka wa kwanza Marekani, hahangaiki na uwiano wala mwanga, na atakuwa na ustahimilivu wa kukaa saa tano mbele ya kitu kimoja, jambo ambalo wenzake wengi watalazimika kujifunza upya. Tatizo linakuja pale mwalimu anapokaa kwenye kile kiti. Kwenye mchoro wa Agrippa, mkono wa mwalimu ni somo. Kwenye potifolio itakayokwenda kueleza mwombaji ni nani, mkono ule ule unaanza kuwa udanganyifu, na mpaka kati ya hayo mawili hakuna aliyeuchora.

Wakorea wenyewe wameliona hili zamani. Hongik, chuo chenye jina kubwa kuliko vyote katika sanaa nchini humo, kilitangaza mwaka 2009 kwamba kitaufuta mtihani wa kuchora hatua kwa hatua, na kufikia udahili wa 2013 ukawa umekwisha. Badala yake waombaji waliandika ripoti za shughuli zao za sanaa na kufanyiwa usaili. Sababu ilikuwa hiyo hiyo: michoro ilikuwa inafanana mno. Je, hagwon zilifungwa? Zilibadilisha bidhaa. Zikaanza kuandaa watoto kwa ripoti na usaili.

Kwa hiyo anayeilaumu hagwon peke yake anamwacha mhusika wa pili. Vyuo vya sanaa vya Marekani vingi ni vya binafsi na vinaishi kwa ada. RISD inatoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka kwa masomo tu, kabla ya chumba, chakula, rangi na karatasi, na wenzake hawako mbali. Msaada wa fedha kwa wageni ni mdogo, na pale uwezo wa kulipa unapohesabiwa wakati wa udahili, familia ya Seoul inayolipa ada kamili ni mteja wa thamani. Maofisa wa udahili husafiri hadi Seoul kutazama potifolio na kutoa ushauri ana kwa ana. Chuo kinachosema kimechoshwa na potifolio zinazofanana, kisha kikaenda kuzitafuta kwenye mji uleule zinakotengenezwa, hakina haki ya kushangaa.

Na uhitaji huo wa ada umewaumiza wanafunzi kwa njia nyingine. Taasisi ya Sanaa ya San Francisco, iliyoanzishwa 1871, iliacha kufundisha 2022. University of the Arts ya Philadelphia ilitangaza tarehe 31 Mei 2024 kwamba inafunga, na tarehe 7 Juni ikafunga. Wiki moja. Mmarekani alipata hasara ya muda na ya moyo. Mwenye visa ya mwanafunzi alilazimika pia kutafuta haraka chuo kingine cha kumpokea ili asipoteze uhalali wa kuwepo nchini. Mabango ya hagwon hayana nafasi ya habari kama hiyo.

Sasa upande wa wanaosema mwache mtoto aende mapema. Hoja yao ya kwanza ni lugha, na ni nzito kuliko inavyosikika. Katika vyuo hivi sehemu kubwa ya ufundishaji ni kukosoana hadharani: kazi zimebandikwa ukutani, mwenye kazi amesimama pembeni, darasa zima linahoji kwa nini umefanya hivi. Aliyeanza akiwa na miaka 18 ana miaka minne ya kukosea, kuzoea na hatimaye kubishana na profesa, jambo lisilo rahisi kwa mtu aliyelelewa kumnyamazia mwalimu. Anayekuja kwa uzamili ana miaka miwili, na mwaka mmoja unaweza kwisha akiwa bado anatafuta maneno.

Hoja ya pili ni viwanda. ArtCenter, kwa mfano, imejengwa jirani sana na kampuni za magari, filamu na michezo ya kompyuta. Hata Samsung, ilipoamua katikati ya miaka ya 1990 kwamba haitaki tena kuiga vifaa vya Wajapani, iliwaita walimu wa ArtCenter waje Seoul kuwafundisha wabunifu wake. Kampuni kubwa kuliko zote Korea ikitambua ilichokikosa nyumbani, mzazi atakosaje kutambua?

Lakini ukiwachunguza wale ambao majina yao hutajwa kama ushahidi, mambo yanageuka. Do Ho Suh, anayejulikana duniani kwa nyumba nzima zilizoshonwa kwa kitambaa chepesi, alihitimu RISD mwaka 1994 na Yale 1997. Kabla ya hapo alikuwa tayari na shahada ya kwanza na ya uzamili ya uchoraji wa jadi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. SangYup Lee, mkuu wa ubunifu wa Hyundai aliyewahi kufanya kazi kwenye Camaro ya General Motors, alisoma ArtCenter baada ya kumaliza uchongaji Hongik. Wote wawili walifika Marekani wakiwa watu wazima, wenye kitu cha kubishania. Naye Lee Bul, ambaye sanamu zake ziliwekwa mwaka 2024 kwenye uso wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, ana shahada ya Hongik ya mwaka 1987.

Najua watu watatu hawathibitishi kanuni. Mtu anaweza kunijibu kwamba hao wangefanikiwa hata wangesomea wapi, na kwamba Suh alirudia shahada ya kwanza kabisa, gharama ambayo wachache wanaiweza. Sawa. Hata hivyo mpangilio wao unafanana, nao ni kinyume cha ule unaouzwa.

Hesabu nazo zina upande. Kwa won 1,400 kwa dola, ada ya dola 60,000 kwa mwaka, kwa miaka minne, ni won milioni 336. Chuo binafsi cha sanaa Korea kwa kawaida hakijazidi won milioni 10 kwa mwaka, na vya umma viko chini zaidi. Uzamili ni miaka miwili, na vyuo vikuu vya umma vya Marekani hutoa nafasi za kusaidia kufundisha zinazopunguza au kufuta ada. Kwa shahada ya kwanza fursa hiyo haipo. Won yenyewe haitabiriki: mwaka 1997 dola ilianza chini ya won 900 na Desemba ikakaribia 2,000. Wanafunzi wa Korea nchini Marekani, wa fani zote, walikuwa takriban 75,000 mwaka wa masomo 2008/09. Kufikia 2023/24 walibaki kama 43,000.

Kwa wavulana kuna jeshi la lazima, miezi 18 kwa jeshi la nchi kavu. Anayekatisha masomo Marekani ili akatumikie atahitaji karatasi mpya za uanafunzi akirudi, maana kukaa nje zaidi ya miezi mitano kwa kawaida huvunja hadhi yake. Aliyeko chuo cha Seoul huomba likizo, akaenda, akarudi kwenye kiti chake. Msichana hana mzigo huo, na kwake hoja ya kwenda mapema ina nguvu kidogo zaidi.

Baada ya kuhitimu, sheria ya Marekani inampa mwanafunzi wa kigeni miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yake. Wahandisi na wengine wa fani za sayansi na teknolojia zilizo kwenye orodha ya serikali huongezewa miezi 24. Shahada nyingi za sanaa hazimo kwenye orodha hiyo. Visa ya kazi ya H-1B ina nafasi 85,000 kwa mwaka zinazogombewa kwa bahati nasibu. Wengi hurudi Seoul, na hapo asiyesoma chuo cha Korea hugundua kwamba waliosoma Hongik hupeana kazi, maonyesho na hata habari za nafasi kabla hazijatangazwa. Jina la Parsons linaheshimika mezani, lakini halina kaka wa darasa la juu wa kumpigia simu.

Kwa hiyo msimamo wangu haulingani kwa wote. Anayetaka kubuni magari, katuni au michezo ya kompyuta, na ambaye nyumbani hawatakopa ili aende, aende na miaka 18. Fani hizo zina kazi zinazomsubiri na vifaa vyake viko kule. Anayetaka kuchora au kuchonga akae Korea kwanza. Na kabla ya kulipia hagwon, wazazi waombe kuona daftari ambalo mtoto alichora bila kuagizwa na mtu. Kama halipo, hakuna potifolio ya kazi 20 itakayoziba pengo hilo, hata ikipita.

Ipo pia njia ya katikati ambayo mabango hayaitaji kwa sababu haimletei mtu ada: mikataba ya kubadilishana wanafunzi, ambapo anayesoma Korea hukaa muhula mmoja au miwili ng'ambo huku akilipa ada ya chuo chake. Nafasi ni chache, na muhula mmoja hautoshi kumfanya mtu abishane na profesa kwa Kiingereza. Unatosha kumwonyesha kama anataka kurudi huko kwa uzamili, na hiyo ni bei nafuu ya jibu ambalo wengine hulilipia won milioni 336.