Chini ya mwembe wetu wametandaza nyasi za plastiki

Nilikwenda Ukerewe msibani, nikakaa siku nne. Niliporudi nyumbani Nyegezi, hapa Mwanza, jioni ya Jumapili, getini nilipokelewa na viroba vitatu vya majani yaliyong'olewa. Nikajua kabla sijafika uani. Chini ya mwembe, pale palipokuwa pametandwa kijani chenye vidoa vya bluu, vijana walikuwa wameshaweka nyasi za plastiki. Mayu, mama mwenye nyumba, akanipokea kwa furaha kweli: "Mwanangu, umeona uwanja wetu ulivyotakata?" Wapangaji wenzangu walikuwa wanapiga picha.

Sikumjibu. Ni mtu mzima, nyumba ni yake, na pesa aliyotoa aliitoa akijua anatufanyia wema sisi sote. Lakini usingizi ulinikataa usiku ule, na yaliyonikaa moyoni ndiyo ninayoyaandika.

Jani lenyewe mnalijua. Utotoni tuliliita jani la sungura, kwa sababu ndilo tulilotumwa kuwachumia sungura tukitoka shule. Shina laini lenye vifundo, jani pana lenye vinyweleo, ua la bluu lenye petali mbili za kujionyesha na ya tatu ndogo iliyojificha. Ukiminya kile kifuko kinachobeba ua, unatoka ute. Wataalamu wanaliita Commelina benghalensis. Jina linataja Bengali, huko Asia, lakini asili yake ni Afrika pia. Hakuna aliyelileta kwa meli. Linachanua asubuhi, ikifika saa sita mchana ua limeshanyauka, na kesho yake linafunguka jingine. Kwa miaka mitatu nimekunywa chai yangu ya asubuhi nikitazama maua yale na nyuki wake.

Nilipohamia pale, chini ya mwembe palikuwa na udongo mtupu, mgumu kama sakafu, unaofagiliwa kila alfajiri. Ukoka ulikuwa umeshapandwa mara mbili na mara mbili ukafa, maana ukoka unataka jua, na mwembe mzima hauachii jua lipite. Vuli ilipoanza nikaenda kando ya mtaro, nikakata vipande vya shibiri moja moja, kila kimoja kina vifundo viwili au vitatu. Nililegeza udongo kwa jembe bila kukata mizizi ya mti, nikavilaza na kuvikandamiza kwa kiganja. Basi. Kifundo kikigusa unyevu kinatoa mizizi, shina linatambaa mbele, linagusa chini tena, linajishika tena. Masika yalipoisha udongo ulikuwa hauonekani. Katikati kabisa, penye giza, maua yalikuwa machache. Pembeni, penye mwanga wa kuchuja, yalikuwa mengi. Sikuwahi kununua mbegu wala mbolea.

Ninaloumia nalo zaidi ni udongo. Mji huu umekaa juu ya mawe. Udongo tulio nao huku Mwanza ni ule uliojikusanya kidogo kidogo kati ya jiwe na jiwe, na kwenye vilima vya Isamilo, Bugarika na Mabatini watu wamejenga juu ya hicho hicho kidogo. Kisha kila alfajiri tunakichukulia fagio. Ufagio unaondoa majani yaliyodondoka, ambayo yangekuwa mbolea, na pamoja nayo unakwangua vumbi la juu, lile lenye rutuba. Mvua inapokuja inakuta uso uliolainishwa, hakuna mzizi wa kuushika wala jani la kupokea pigo la tone. Angalieni nyumba za zamani: misingi imebaki juu, ngazi ya kwanza inaning'inia, mizizi ya miembe imetoka nje. Udongo huo ulikuwepo. Umekwenda wapi?

Nendeni mkautazame Mto Mirongo baada ya mvua ya saa moja ya mwezi wa Aprili. Rangi yake ni rangi ya nyua zetu. Unapita katikati ya mji na kuumwaga ziwani udongo ambao sisi wenyewe tuliulegeza kwa ufagio, na udongo hauendi peke yake, unabeba rutuba. Rutuba ikifika ziwani inalisha mwani na gugumaji.

Tena gugumaji litusimamishe kidogo, kwa sababu sisi wa pwani ya ziwa tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kwao ni Amerika ya Kusini. Limesambaa duniani kwa sababu watu walipenda ua lake la zambarau, wakalibeba kama pambo. Ziwani Victoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka kumi haikupita likawa limefunika ghuba na mialo, mitumbwi ikishindwa kutoka. Mtu wa Mwanza aliyeyaona hayo, akienda kitaluni leo, anauliza ua "la nje". Linalouzwa sana la kutandaa ni lile la zambarau lenye asili ya Mexico, Tradescantia, ambalo ni la ukoo mmoja na jani la sungura. Tunanunua binamu kutoka Mexico, halafu tunamlipa kijana ang'oe ndugu wa hapa hapa.

Wenzetu wamechukua vya kwetu bila kuona haya. Bustani za kivuli za Ulaya na Marekani zimejaa Impatiens walleriana, ua la misitu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Karne ya 19 Waingereza waliliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao kijiua kilichoota kwenye kivuli cha Usambara. Leo kinapamba madirisha ya dunia nzima na kinaitwa Saintpaulia, kwa jina lake yeye. Vyetu vinapendwa vikishavuka bahari.

Haya, najua mtakayoniambia. Shambani jani hili ni gugu baya. Ni kweli, nalikubali. Mkulima wa pamba au mahindi akilitaja anatukana, na ana haki. Linatoa hata maua na mbegu chini ya ardhi, ukiling'oa juu unakuwa hujamaliza. Marekani, ambako ni geni, limo kwenye orodha ya magugu hatari ya nchi. Lakini chini ya mwembe hakuna mahindi. Mimi nililizungushia mstari wa mawe, na shina lililovuka nililikata kila wiki likaenda kwa sungura.

Nyoka? Nililikata kila lilipopita kimo cha kiganja, na hatua mbili kutoka mlangoni niliacha wazi. Mbu wanazaliana kwenye maji yaliyotuama, na uani kwetu hayo yako kwenye ndoo zilizoachwa wazi.

Plastiki ile nimekanyaga mchana, pale inapoguswa na jua. Inaunguza. Chini yake nyungunyungu hatapata jani la kula, na jua likiishaichosha itaanza kukatika vipande vidogo vidogo, navyo vitafuata njia ile ile ya mtaroni hadi kwa dagaa. Watoto wanaipenda kuchezea, siwezi kulikana hilo.

Jumatatu nilimfuata Mayu kibarazani, nikakaa chini, nikamwambia yote haya polepole. Alisikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, lile gugu ulilipanda wewe? Mimi nilidhani umekosa muda wa kulipalilia." Ikaniuma, kwa sababu miaka mitatu sikuwahi kumwambia. Nilidhani maua yanatosha kujieleza.

Plastiki haitaondoka, imeshalipiwa. Lakini amenipa upande wa nyuma, chini ya mparachichi, kutoka kwenye tenki la maji hadi ukutani, pale ambapo kila masika maji yanachimba mfereji. "Nyoka akitokea nitakugongea wewe usiku," amesema. Nimekubali.

Viroba vya getini sikuviacha viondoke na gari la taka. Shina hili hata likilazwa juani siku mbili tatu bado vifundo vyake vina uhai. Nimechambua vipande sitini, viko kwenye ndoo nyuma ya mlango wangu, na vitatu vimeshaanza kutoa mizizi myeupe. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha juzi usiku. Jumamosi asubuhi naanzia ukutani.