Mashoto kwenye Uwanja wa Shabaha: Abadilishe Bunduki au Abadilishe Bega?

Lugha yetu ina upande inaoupendelea. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Wazee wa Pwani waliuita pia mkono wa kuume, na wa kushoto wakauita mkono wa kike. Aliyezaliwa akiutegemea wa kushoto huitwa mashoto, na wengi wetu tuliosoma Nairobi zamani tunaikumbuka rula iliyotua kwenye vidole vilivyoshika penseli upande usiotakiwa. Siku hizi watoto wengi huachwa waandike watakavyo. Kwenye uwanja wa shabaha, hata hivyo, suala hilo bado halijaamuliwa, na linaamuliwa vibaya mara nyingi kwa sababu linaanziwa mahali pasipofaa.

Katika viwanja vinavyotumiwa na wakazi wa Nairobi, kama ule wa Kirigiti kule Kiambu, nimesikia misimamo miwili kuhusu mashoto anayeanza kujifunza. Wa kwanza unasema atafute bunduki iliyoundwa kwa mkono wake, hata kama itachelewa na kugharimu zaidi, kwa kuwa silaha isiyomkaa mtu mwilini itamfundisha makosa. Wa pili unasema karibu kila bunduki atakayoishika nchini imeundwa kwa mtu wa kulia, na kwa hiyo afundishwe bega la kulia tangu siku ya kwanza, kabla mwili haujazoea vingine. Mimi ni mashoto na ninaegemea upande wa kwanza, lakini hoja za upande wa pili ni nzito kuliko tulivyozoea kukubali, na kuna watu ambao kwao ndizo sahihi.

Kosa la pande zote mbili ni kuanza na mkono, ilhali kinacholenga ni jicho. Kila mtu ana jicho moja ambalo ubongo huliamini zaidi, na kulitambua ni kazi ya dakika moja: nyosha mikono mbele, unganisha viganja uache tundu dogo katikati, tazama kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali kwa macho yote mawili, kisha uvute mikono polepole hadi usoni bila kukipoteza kitu hicho. Tundu litaishia kwenye jicho linalotawala, yaani jicho kuu. Kwa takriban theluthi mbili ya watu, jicho hilo ni la kulia. Mashoto ni kama mtu mmoja katika kila kumi, na jicho lao halifuati mkono wakati wote. Wapo wengi wanaoandika kwa kushoto na kuongozwa na jicho la kulia, kama walivyopo watu wa kulia wanaoongozwa na la kushoto.

Uzito wa jambo hili hutegemea aina ya bunduki. Bunduki ya marisau, ile inayorusha punje nyingi kwa mpigo mmoja na kutumiwa kuvunja visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, kwa kawaida haina kilengeo cha nyuma. Ina ushanga mdogo kwenye ncha ya mtutu, na jicho la mpiga shabaha ndilo kilengeo cha nyuma chenyewe. Macho yote mawili huachwa wazi ili mtu aweze kupima kasi na umbali wa kisahani. Sasa, mashoto mwenye jicho kuu la kulia akiiweka bunduki kwenye bega la kushoto, jicho la kulia litauchukua ushanga na kuulinganisha na kisahani wakati mtutu uko chini ya jicho la kushoto. Matokeo yake mtutu huelekea kulia kwa shabaha, na kwa umbali wa mita 30 kosa hilo linaweza kuzidi mita moja. Mtu wa namna hii anaweza kufumba jicho la kulia, au kubandika kipande kidogo cha utepe kwenye kioo cha miwani yake ili kuliziba, lakini kwa njia zote mbili anapoteza sehemu ya uwezo wa kupima umbali. Kwake, wanaosema ahamie bega la kulia wana haki, na hasa akiwa bado mgeni wa mchezo.

Kwa raifoli, yaani bunduki ya risasi moja yenye mifuo ndani ya mtutu, mambo ni tofauti. Mtu anayelenga kwa darubini hupata taswira ya shabaha na alama ya kulengea katika jicho moja tu, na jicho la pili haliwezi kuichukua kazi hiyo. Mashoto mwenye jicho kuu la kulia anaweza kulenga kwa darubini kutoka bega la kushoto kwa miaka mingi bila taabu kubwa. Ni ajabu, basi, kwamba ninawaona wakufunzi wakisisitiza zaidi bega la kulia kwa raifoli, ambako si lazima, na kulilegezea kwenye marisau, ambako jicho ndilo kila kitu.

Kinachomsumbua mashoto kwenye raifoli ni boliti, lile komeo linalofunga chemba, yaani sehemu ya bunduki inayokaa risasi, na ambalo huvutwa baada ya kila risasi ili kutoa ganda na kuingiza risasi mpya. Katika raifoli ya kawaida mkono wa boliti uko kulia. Mtu wa kulia huondoa mkono kwenye kifyatulio, akavuta, akasukuma na kuurudisha, huku mkono wa kushoto ukiendelea kuibeba bunduki. Mashoto aliyesimama hana budi kupitisha mkono wa kushoto juu ya bunduki na kuufikia upande wa pili, au kuinamisha bunduki na kutumia mkono ambao ulipaswa kuibeba. Kichwa huinuka kutoka kwenye kitako, ile sehemu ya nyuma inayoegemezwa begani na shavuni, darubini hupotea machoni, na mtu huanza kulenga upya. Zaidi ya hayo, tundu la kutolea maganda liko upande uleule uso wake ulipo, hivyo ganda likipasuka gesi ya moto iko karibu naye kuliko alivyo mwenzake wa kulia. Miwani ya kinga ni lazima kwa kila mtu. Kwa mashoto nisingependa kuona hata risasi moja ikifyatuliwa bila hiyo.

Viwanda vililiona tatizo hili zamani. Savage ya Marekani ilianza kutengeneza raifoli yake ya 110 yenye boliti ya kushoto mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Remington, Ruger na Tikka nao wakatoa za kwao. Blaser ya Ujerumani ina raifoli ya R8 ambayo boliti yake huvutwa moja kwa moja bila kuinuliwa, na ambayo hupatikana kwa kushoto pia. Lakini za kushoto hutengenezwa kwa aina chache za risasi na maumbo machache ya kitako, na anayeishi Nairobi hazikuti zikimsubiri dukani. Hutegemea muuza silaha mwenye leseni aagize, na asubiri.

Hapa ndipo upande wa pili unapopata nguvu ambayo sisi mashoto hatuizungumzii vya kutosha. Hoja kubwa ya boliti ya kushoto ilitoka kwa wawindaji: mtu aliyemjeruhi nyati na anayehitaji risasi ya pili katika sekunde mbili hana muda wa kupitisha mkono juu ya bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaendelea kuukataza uwindaji wa burudani. Mwindaji wa Tanzania, ambako uwindaji wa leseni bado upo, ana hesabu nyingine. Raia wa Nairobi hupiga karatasi kwa raifoli, mara nyingi akiwa amelala kifudifudi au ameketi mezani, na bunduki imeegemezwa kwenye mguu wake wa chuma au mfuko wa mchanga. Katika mkao huo boliti ya kulia si adui wa mashoto hata kidogo. Mkono wake wa kushoto hubaki kwenye kifyatulio, shavu halisogei, na mkono wa kulia ambao hauna cha kubeba ndio unaovuta boliti. Wapo washindani wa kupigia mezani, watu wa kulia, wanaoagiza kwa makusudi raifoli ambayo boliti na tundu la kuingizia risasi viko pande tofauti ili wagawe kazi kati ya mikono miwili. Kwa hiyo mashoto atakayepiga akiwa amelala au mezani tu anaweza kununua raifoli ya kulia akiwa na amani ya moyo, mradi kitako chake kiwe sawa pande zote. Kitako chenye uvimbe wa kuegemeza shavu upande wa kushoto kitamwacha shavu lake likielea.

Kwa bunduki za marisau sikubaliani na makubaliano ya haraka ya namna hiyo, ingawa watu wengi hudhani huku ndiko kwepesi. Wanasema bunduki ya mitutu miwili inayokunjwa katikati haina boliti wala tundu la pembeni, kitufe chake cha usalama kiko juu, chini ya kidole gumba cha mkono wowote, na kwa hiyo haina kulia wala kushoto. Kuhusu mtambo wanasema kweli. Wanachokisahau ni kitako. Bunduki nyingi nzuri za aina hii zina kitako kilichopindishwa kidogo kuelekea kulia, milimita chache tu, ili jicho la mtu wa kulia likae katikati ya mtutu. Mashoto akiiweka begani, milimita hizohizo humsogeza mbali na mstari, naye hulazimika kulikandamiza shavu kwenye mbao ili autafute. Hiyo ndiyo asili ya michubuko ya shavu, na ya mazoea ya kuinua kichwa wakati wa kufyatua. Kwa kuwa jicho ndilo kilengeo, kitako kilichopinda vibaya ni sawa na kilengeo kilichosogezwa. Dawa ipo: fundi anaweza kukipasha moto kitako cha mbao na kukipinda upya, na bunduki nyingi za kujijaza zenyewe huja na vipande vya kuweka kati ya kitako na mwili ili kubadili upande na kimo. Anayechagua bunduki ya kusukuma kwa mkono, ile ambayo sehemu ya chini ya mtutu huvutwa na kusukumwa ili kuingiza risasi mpya, aangalie pia maganda yanatokea wapi. Ithaca 37 na Browning BPS huyatoa chini, na Mossberg 500 ina kitufe cha usalama juu, ilhali bunduki nyingine nyingi zina kitufe cha usalama kinachosukumwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, kilichopangwa kwa kidole cha mtu wa kulia.

Wanaotetea bega la kulia hupenda kutoa mfano wa askari, na mfano huo unastahili jibu. Askari na walinzi wa wanyamapori hawachagui. Anayepewa raifoli ya kijeshi kama G3 au AK huitumia kama ilivyo. Jeshi la Uingereza, ambalo wanajeshi wake hufanya mazoezi Nanyuki, limetumia kwa miongo mingi raifoli ya SA80 ambayo haiwezi kupigwa kutoka bega la kushoto, kwa kuwa maganda hutokea pale ambapo uso wa mashoto ungekuwa. Mashoto wote wa jeshi hilo hufundishwa kulia, nao hufaulu. Ni kweli. Lakini askari hufunzwa mfululizo, kwa risasi za serikali, chini ya mkufunzi anayemwona kila siku. Mwanachama wa klabu anayefika uwanjani Jumamosi mbili kwa mwezi, akihesabu bei ya kila risasi, hana muda huo wa kuufundisha mwili upya. Tena majeshi yenyewe hayakukubaliana: Wamarekani waliiongezea raifoli yao ya M16A2 kinundu cha kuyakinga maganda yasimpige mashoto usoni, na raifoli ya Steyr AUG ya Austria iliundwa ili upande wa kutolea maganda uweze kubadilishwa.

Nilianza kwa bega la kulia kwa amri ya mkufunzi ambaye hakuwahi kuniuliza habari za macho. Jicho langu kuu ni la kushoto. Kwa miezi kadhaa nilikosa visahani ambavyo wageni wa juzi walivivunja, na kila nilipokosa niliambiwa nikaze bega. Nilianza kuiogopa bunduki, nikawa nafumba macho kabla ya kufyatua, na kulitoa kosa hilo kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza mchezo wenyewe. Nilipohamia kushoto, kwa bunduki ya mitutu miwili ambayo kitako chake kilikuwa kimenyooka, nilianza kuviona visahani vinavyoelekea kulia kana kwamba vimepunguziwa mwendo, kwa maana mwili wa anayelenga kutoka bega la kushoto huzunguka kwa urahisi zaidi upande huo.

Pana jambo la sheria linaloufanya uamuzi huu kuwa mgumu zaidi kwetu. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti cha umiliki hutolewa kwa silaha iliyotajwa, kwa hiyo mtu hawezi kununua moja, kuijaribu na kuibadilisha wiki ijayo kama viatu. Anayechagua vibaya hukaa na kosa lake. Vilevile bunduki ya kushoto ina wanunuzi wachache siku ya kuiuza. Wanaotuonya juu ya hilo hawatuonei. Ningemshauri mashoto apige kwanza kwa bunduki tofauti uwanjani, chini ya usimamizi, na kutoka mabega yote mawili, kabla hajaandika jina la silaha yoyote kwenye fomu.

Mwezi uliopita alikuja msichana anayeandika kwa kushoto, akitaka kujifunza visahani, na msimamizi akanipa nimsaidie. Nilikuwa tayari nimemchagulia bunduki na kumsimamisha kushoto. Kisha nikamwambia aunganishe viganja na atazame nguzo ya mwisho wa uwanja. Tundu likaishia kwenye jicho la kulia. Tukajaribu utepe kwenye miwani, akasema anaona kama dunia imebanwa. Nikahamisha bunduki hadi bega lake la kulia, na nilipoondoka alikuwa bado huko, akivunja kisahani kimoja katika kila vitatu.