Monita tatu kwenye laptopu: anza na matundu, jina la kadi baadaye

Mwezi huu nimeulizwa na watu kadhaa wa hapa Dodoma, eti kaka nichukue laptopu yenye RTX ngapi (zile kadi za picha za NVIDIA) ili nicheze gemu kwa monita tatu, na kila mara mi naanza na swali lingine: matundu ya kuchomekea monita ya hiyo laptopu yameungwa na kadi ipi?

Laptopu nyingi za gemu zina grafiki mbili ndani, ile ndogo inayokuja na prosesa, na ile kubwa ya NVIDIA ambayo ndo umeilipia. Sasa matundu ya nje yanaweza kuwa yamegawanywa, HDMI ipo kwa kubwa afu USB-C ipo kwa ndogo, au hiyo USB-C haitoi picha kabisa, ni ya data tu. Kwa kazi za ofisi wala hutagundua. Lakini ukitaka monita tatu ziwe kioo kimoja kirefu kwa NVIDIA Surround, zote lazima zitokee kwenye kadi ya NVIDIA, ikipungua moja basi imeisha hiyo.

Hili nimelijua kwa hela yangu. Nilinunua laptopu ya RTX 3050 duka moja mjini, muuzaji akaniapia monita tatu zinakubali bila shida, nafika nyumbani Nkuhungu HDMI ikawasha moja, USB-C kimya. Nikarudi, nikauziwa adapta ya USB. Picha ikaja kweli, nikafurahi, nikafungua Euro Truck Simulator 2, gemu la kuendesha malori, nikalitandaza dirisha la gemu kwenye monita zote. Naingia kipilefti Uingereza, kule wanaendesha kushoto kama sisi kwa hiyo unampisha anayetoka kulia, na monita ya kulia ndo ile ya adapta. Gari liko tayari mbele ya bampa yangu wakati kwenye monita ya kulia bado linakuja. Adapta za aina ile prosesa ndo inaibana picha na kuisukuma kupitia USB, kwa Excel sawa, kwa gemu hapana. Iliniuma, maana ile hela ya adapta ningeongeza kidogo tangu mwanzo nikachukua mashine sahihi.

Kwa hiyo dukani nenda na waya wako wa HDMI na adapta ya USB-C kwenda DisplayPort (tundu lingine la picha la monita), omba monita hata moja, chomeka tundu moja moja huku umefungua NVIDIA Control Panel, ile programu ya mipangilio ya kadi, kwenye ukurasa wa Surround na PhysX. Pale kuna mchoro unaoonyesha kila monita imeshika kadi ipi. Ni dakika tano tu. Muuzaji akisema haiwezekani kuwasha, mi huwa naaga naondoka.

Baada ya hapo ndo tuongelee nguvu. Monita moja ya 1080p ina pikseli kama milioni 2, tatu ni milioni 6.2, yaani robo tatu ya 4K, na kadi inazichora zote kila fremu. GB 4 za memori ya kadi kwenye RTX 3050 yangu zilikuwa zinajaa mapema, ukipandisha tu ubora wa picha gemu linaanza kukwama kwama. Kwa maoni yangu usishuke chini ya GB 6, na kama mfuko unaruhusu chukua RTX 4060 yenye GB 8.

Ila hata hiyo 4060 uliza wati, yaani umeme ambao kadi inaruhusiwa kutumia, NVIDIA wenyewe wanaruhusu watengenezaji waiweke kuanzia wati 35 mpaka 115, kwa hiyo laptopu mbili zenye stika ileile zinaweza kupishana sana, ile nyembamba nzuri ya kubeba mara nyingi ndo yenye wati chache. Mi bora nibebe nzito na chaja yake kama tofali, kwani monita tatu utazipeleka wapi, si zinakaa mezani tu.

Na kwa vumbi letu hili, hasa kuanzia Agosti mpaka mvua zinyeshe, inyanyue laptopu nyuma hata kwa vifuniko viwili vya chupa feni zipate hewa, na mpelekee fundi aisafishe ndani kabla ya joto la Oktoba.