Jogoo wa Shangazi

Saa kumi alfajiri jamani! Jogoo yuko dirishani anawika kama ananidai, na huyo jogoo alitakiwa awe supu tangu Jumapili. Sasa hivi ana jina. Anaitwa Babu. Binti yangu kampa.

Binti ana miaka nane, miezi minne sasa hali nyama. Ng'ombe hali, kuku hali, samaki hali, dagaa anasema wanamwangalia. Afadhali mayai na maziwa anatumia, maana nesi wa kliniki aliniambia ile vitamini B12 kwenye maharage na majani huipati. Akasema nimpe dengu, kunde, choroko, na chungwa pembeni ili madini ya chuma yaingie vizuri, na chai asinywe na chakula. Mi moyoni nikachekelea, nikajua hela ya bucha imepona. Wapi! Wengine nyumbani bado wanataka nyama yao, kwahiyo mboga mbili kila siku na gesi ni ile ile.

Nikaambiwa nenda Kisutu kwa Wahindi, wale mambo haya wanayo tangu mababu. Nikanunua vipande vya soya nusu kilo, vikavu, vyepesi, nikaona hivi si vitu vya kushibisha watu, nikaloweka vyote. Narudi vimejaa beseni. Tumekula soya siku tatu, mama watoto hilo suala mpaka leo hataki kulizungumza.

Sasa Jumamosi kaingia shangazi yangu kutoka Singida na jogoo kamfunga miguu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mtoto mbona kakonda?"

Hajakonda hata kidogo. Nikamweleza.

"Kuku je?"

"Hali."

"Utumbo?"

"Shangazi, utumbo ni nyama."

"Nani kakwambia? Utumbo ni utumbo."

Akanyamaza, akavuta kanga, nikajua linakuja jingine. "Basi mpe mchuzi."

Hapo mimi mtu mzima, mwenye heshima zangu, mjumbe wa kamati tatu za harusi mwaka huu peke yake, nimesimama jikoni natetea maharage. Nikamwambia shangazi, mchuzi umetoka kwenye nyama. Akanitazama kwa huruma. "Sasa si umetoka? Ukishatoka umetoka!"

Jibu sikuwa nalo, na mpaka leo sina.

Jioni kapika yeye. Maharage ya nazi, yananukia mpaka kwa jirani. Mtoto kala vijiko viwili akasimama. "Bibi, haya umeyapika na nini?" "Na upendo, mjukuu wangu." Mtoto akazamisha kijiko, akakoroga, akaibuka na mfupa. Akauweka mezani taratibu. "Upendo una mfupa?"

Jamani, hata mimi niliangalia chini. Mtoto katoka nje kimya kimya, kaenda kumfungua jogoo kamba, na kesho yake shangazi kapanda basi na hasira zake, jogoo kaniachia mimi.

Sasa Babu anakula mchele wangu, na mchele wenyewe bei mnaijua. Jana mwenye nyumba kapita, eti mkataba hauruhusu mifugo. Mkataba! Bomba linavuja tangu mfungo, choo mlango hauna, luku tunachangia na mpangaji mwenye friji mbili, hayo mkataba unaruhusu? Halafu anataka kodi ya miezi sita, na amesimama pale anaongea huku anamtazama Babu mapajani, na mtoto kamwona.