Usinipe tano na tisa kwa kunionea haya

Kwa miezi minne mfululizo, karibu kila mwana redio ya ridhaa aliyenipata kwenye masafa ya mita 40 nikiita kutoka hapa Kigoma alinipa ripoti ileile ya tano na tisa, yaani ninaeleweka kikamilifu na mawimbi yangu yana nguvu sana, kisha papo hapo akaniomba nirudie jina langu. Sikushtuka. Niliandika tano na tisa katika daftari langu la mawasiliano, ukurasa baada ya ukurasa, nikaamini kwamba antena yangu haina kasoro.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Tabora. Alinisikiliza mchana mmoja wenye upepo mkali wa ziwani, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, nakupa tatu na nne. Sauti yako haififii polepole kama inavyofifia anga linapobadilika. Inakatika ghafla katikati ya neno, halafu inarudi. Shusha antena ukague viungo." Niliishusha jioni hiyohiyo kutoka juu ya mwembe. Pale katikati, kebo inapoungana na nyaya mbili za antena, lehemu ilikuwa imeachia, nyuzi za shaba zimeota kutu ya kijani inayopukutika mkononi, na zilizokuwa bado zimeshika hazikuzidi tatu. Kila upepo ulipotikisa tawi, nilikuwa ninapotea hewani bila habari, na watu waliokuwa wakiyasikia hayo waziwazi walinistahi wasiniambie.

Mtu anapouliza "unanipataje?" anaazima masikio yako, kwa kuwa yeye mwenyewe hana njia ya kujua alivyofika kwako. Ukimpa tano na tisa isiyo yake, umemrudisha alikotoka mikono mitupu, na kesho atapanda tena juu ya mti kurekebisha kisichoharibika au ataacha kurekebisha kilichoharibika.

Mfumo tunaoutumia ulibuniwa mwaka 1934 na Mmarekani aitwaye Arthur Braaten. Tarakimu ya kwanza, kuanzia 1 hadi 5, inaeleza jinsi maneno yanavyoeleweka. Ya pili, kuanzia 1 hadi 9, inaeleza nguvu ya mawimbi. Na kwa wanaotumia Morse, mawasiliano ya milio mifupi na mirefu, ipo ya tatu, ya usafi wa mlio. Ninasisitiza kwamba kueleweka na nguvu ni mambo mawili, na anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika hahitaji somo hilo darasani. Katika msimu wa mvua, radi za ng'ambo, upande wa Kongo, huijaza mita 40 mikwaruzo tangu jua linapozama, hata mtu anaweza kunifikia kwa nguvu ya 8 nami nikamwelewa kwa 3 tu. Kiangazi, alfajiri kabla majirani hawajawasha vyombo vyao, mwingine hunifikia kwa nguvu ya 2, sindano ya mita ya nguvu kwenye redio yangu haitikisiki, na bado ninapata kila silabi. Wa kwanza anastahili tatu na nane, wa pili tano na mbili, na ripoti hizo mbili zinawaambia mambo tofauti kabisa.

Wapo wanaosema kwamba tarakimu moja juu au chini haina uzito. Mwaka 1981, Kanda ya Kwanza ya umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, ambayo Afrika imo ndani yake, ilipendekeza kwamba chini ya megahezi 30 nguvu ya 9 iwe mikrovolti 50 kwenye mlango wa antena, na kila hatua iwe desibeli 6. Desibeli 6 maana yake ni nguvu mara nne: anayetuma kwa wati 100 akitaka kupanda hatua moja, atahitaji wati 400. Kwa hiyo anayemwita wa nguvu ya 5 kuwa ni wa 9 amemzidishia mara 256. Muuza dagaa wa Kibirizi akichezea mizani hata mara mbili tu, wateja wote watamhama. Ni kweli kwamba mita za redio nyingi hazifuati kipimo hicho sawasawa, ndiyo maana mimi hutaja kwanza masikio yangu yalivyosikia, kisha mita inavyosoma.

Nimeambiwa pia kwamba tano na tisa ni adabu tu, sawa na kujibu "nzuri" mtu anapouliza habari za nyumbani. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu sisi ni watu wa salamu. Lakini salamu zetu zina sehemu ya pili: tunasema "nzuri", kisha tunasema "ila mtoto alilala na homa". Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe, na ndiyo inayokosekana hewani. Kwenye mashindano ya redio siwalaumu watu, kwani pale kila mmoja anajua kwamba tano na tisa ni ya kukamilisha utaratibu tu. Na wanaotumia FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi hewani kwa kompyuta iliyoanza mwaka 2017, ripoti yao hukokotolewa na kompyuta kwa desibeli dhidi ya kelele, nayo haimwonei mtu haya.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mpanda aliniita, redio yake ikiwa mpya. Nilimwambia: "Nakupa nne na sita, mdogo wangu, ila chini ya sauti yako kuna mlio mwembamba kama wa mbu." Alikaa kimya, nikahofu kwamba nimemvunja moyo. Kisha akaniomba nisiondoke, akazima inveta ya sola, akaiunganisha redio moja kwa moja kwenye betri, akaita tena. Mlio ulikuwa umekwisha. Nikampa tano na sita, naye akaniuliza kama nina hakika.